Shelfu lako lisiishie kwenye jiko la jirani

Wale wa geto, wale waliokwishavuta jiko, na wale ambao bado wanakula kwa mama huku wakijifanya wanatafuta chumba, wote karibuni. Wiki hii tuache kidogo habari za nani kamwacha nani. Tuongee mbao. Najua kuna mtu akiona neno mbao anafunua ukurasa wa pili, lakini ngoja kwanza, mshikaji. Hii ni habari ya mfuko wako, na mfuko ukitoboka hata hayo mapenzi yenyewe huanza kuyumba.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, maana mficha uchi hazai.

Nilipopanga chumba changu cha kwanza, kile cha uani, mali zangu zote zilikuwa zinalala chini. Vitabu chini, viatu chini, redio chini, sufuria mbili nazo chini. Mgeni akiingia inabidi aruke huku na huku kama mtoto anayecheza rede. Nikasema hapana, msela mzima siwezi kuishi hivi, natengeneza shelfu kwa mkono wangu. Fundi wa nini? Msumeno nimeazima, nyundo ninayo, misumari inauzwa pale kwa Mpemba.

Nikaenda kwa wauza mbao nikabeba mbao tatu za msonobari, zile za inchi moja kwa nane, urefu futi 12. Hesabu yote ilikuwa kichwani: mbavu mbili za futi 6, na rafu tano za inchi 42. Kwa wasiozoea mambo ya useremala, hapa nikisema mbavu ni zile mbao mbili zinazosimama pembeni, na rafu ni zile zinazolala katikati, unapoweka vitu.

Nikaanza na rafu, kwa kuwa zilikuwa fupi na niliona ndiyo kazi rahisi. Mbao ya kwanza nikakata rafu mbili. Ya pili, rafu mbili. Ya tatu, rafu moja, halafu ubavu mmoja. Nikageuka nitafute ubavu wa pili. Bwana wee! Nimebakiwa na vipande viwili vya futi 5 na kimoja cha futi 2 na nusu. Ukivijumlisha ni zaidi ya futi 12, yaani mbao nzima na ushee, ila hakuna hata kimoja chenye futi 6. Mbao ninazo, ubavu sina.

Unadhani nilifanya nini? Nikaunga. Kipande cha futi 5, juu yake kiraka cha futi moja, nikapigilia misumari kama tisa hivi. Shelfu likasimama kama mtu anayerudi kutoka kilabuni usiku wa manane. Siku ya nane kiraka kikaachia. Vitabu, viatu na sufuria vyote vilimshukia redio, na redio hakusema neno tena.

Asubuhi nikatoa mabaki yote nikayaegemeza nje ya mlango, nikidhani nitayatafutia kazi. Niliporudi jioni, uani kunanukia maharage. Mama mwenye nyumba akaniletea bakuli limejaa, anacheka. "Karibu mwanangu. Kuni zako nzuri kweli, zinawaka bila moshi."

Nilikula yale maharage. Tangu siku hiyo hadi leo sijakula maharage ya gharama kubwa kama yale.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Mbao tatu zile zile zingetosha kabisa. Ningeanza na mbavu, mbao ya kwanza ingezitoa zote mbili, zikiwa zimepungua kiduchu tu. Mbao ya pili ingetoa rafu tatu. Ya tatu ingetoa rafu mbili, na ningebakiwa na kipande kimoja kirefu cha karibu futi 5, cha kufanyia jambo jingine la maana. Mkono wangu haukuwa na kosa, msumeno haukuwa na kosa. Kilichokosekana ni karatasi na penseli. Wahenga walishatuambia, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunadhani walikuwa wanawasema wenye maduka tu.

Na kweli, kisa cha pili ni cha duka.

Miaka ikapita. Binti wa mama yule yule mwenye nyumba akapata fremu ya kufungulia duka la vipodozi. Kodi ya miezi sita kailipa kwa mkupuo, si mnajua wenye fremu zao walivyo. Hela iliyobaki ni ile aliyopokea zamu yake ya mchezo ilipofika. Katika hela hiyo hiyo atoe mashelfu, na hiyo hiyo atoe mzigo wa kuanzia: losheni, mafuta ya nywele, vibanio, pedi, pafyumu za bei ya kati. Kwa hiyo kila mbao inayoongezeka kwenye shelfu, kuna boksi la losheni linaloondoka kwenye shelfu hilo hilo. Mteja akikuta rafu tupu, harudi.

Akaitwa fundi, mzee wa heshima, mwenye miaka yake kwenye benchi. Akapima kuta mbili zinazotazamana. Kila ukuta una nafasi ya inchi 52, kutoka kona hadi mlangoni. Akasema tutaweka shelfu moja kila upande: mbavu za futi 6, rafu sita kila shelfu, kila rafu inchi 50. Ukijumlisha unene wa mbavu mbili, inchi moja na inchi moja, zinatimia 52. "Mbao tisa, binti. Nane za kazi, moja ya akiba."

Binti akanifuata. "Kaka, wewe si unaandika andika mambo ya nyumba kwenye gazeti? Eti ni kweli mbao tisa?"

Mama yake akadakia kutoka jikoni. "Unamuuliza huyo? Huyo si ndiye yule wa maharage?"

Nikameza. Nikaomba karatasi.

Tukachora mistari mirefu, kila mstari ni mbao moja ya futi 12, yaani inchi 144. Mbavu nne: mbili mbili kwa mbao, mbao mbili zimekwisha. Rafu 12 za inchi 50: kwenye mbao moja zinaingia mbili, ambazo ni inchi 100, zinabaki inchi 44. Hizo 44 hazitoi rafu nyingine ya 50. Mbao sita, kila moja inaacha kipande cha inchi 44. Piga hesabu mwenyewe: inchi 264, sawa na futi 22. Binti akaitazama ile namba kimya kimya. Futi 22 ni mbao mbili kasoro futi 2, na yeye angezilipia kwa hela ya mchezo.

Nikamuuliza swali moja tu. "Hii rafu ikipungua inchi 3, ikawa 47 badala ya 50, losheni zitalia?"

Akacheka. Losheni hazina habari.

Inchi 47 mara tatu ni 141. Mbao ya inchi 144 inatoa rafu tatu, na inabaki nafasi ya kupita msumeno. Rafu 12 zinatoka kwenye mbao nne badala ya sita. Inchi 3 zimeokoa mbao mbili. Ukutani litabaki pengo la inchi 3 kila upande, mahali pa kuchomeka ufagio.

Basi tukaondoka kifua mbele hadi kwa fundi. Na hapa vijana naomba mnisikilize, maana wengi tunaharibu hapa. Usimwendee mtu mzima na karatasi kama polisi mwenye hati. "Shikamoo fundi. Tumejaribu kuchora kidogo, tunaomba utusahihishe."

"Marahaba." Akavaa miwani, akaitazama karatasi muda mrefu. Halafu akauliza, kwa upole tu: "Hesabu yenu nzuri. Vishikizi vitatoka wapi?"

Kimya. Vishikizi ni vile vibao vidogo vinavyopigiliwa kwenye ubavu ili rafu ikalie juu yake. Rafu 12, kila moja inataka viwili, jumla 24. Na shelfu linataka mbao nyembamba ya kukatiza kwa nyuma kutoka kona hadi kona, bila hiyo litayumba kama lile langu. Mzee zile inchi 44 hakuwa anazitupa, alishazitengea kazi hiyo. Nilimfikiria mbadhirifu, kumbe mbadhirifu nilikuwa mimi wa maharage.

Lakini hata hivyo, kutumia futi 22 za mbao pana kupata vishikizi ni sawa na kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mchuzi wa mtu mmoja. Fundi mwenyewe akashika penseli. Akasema tuongeze mbao moja, tuipasue kwa urefu itoe fito nne za upana wa kama inchi moja na robo tatu. Kishikizi kimoja ni inchi 7. Fito ya kwanza inatoa vishikizi 20. Ya pili inatoa vinne vilivyobaki pamoja na mbao ya kukatiza ya shelfu la kwanza, ambayo ni kama inchi 86. Ya tatu inatoa ya shelfu la pili. Ya nne inabaki nzima, ndiyo akiba.

Mbao saba badala ya tisa. Na ile mbao ya akiba? Muuza mbao yuko umbali wa kutembea, akiba ikae kwake mpaka itakapohitajika. Ingekuwa mbao zinafuatwa kwa gari, ningekubaliana na mzee, ongeza moja.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Hakuna aliyemwibia mwenzake hapa, hakuna aliyekuwa mjinga. Fundi alikuwa na hesabu yake kichwani, binti alikuwa na bajeti yake kichwani, na vichwa viwili haviwezi kusomana. Karatasi ndiyo iliyowakutanisha.

Haya, sasa wewe unayetaka kutengeneza shelfu, au kumpa fundi atengeneze, fanya hivi.

Kwanza, andika orodha ya vipande vyote kabla hujanunua hata msumari. Jina la kipande, urefu, idadi. Panga kuanzia kirefu kabisa hadi kifupi kabisa. Usisahau vishikizi na mbao ya kukatiza nyuma, tumeshaona zinavyoumbua watu.

Pili, jua mbao unayonunua ikoje. Mbao nyingi za msonobari zinazoshuka Dar zinatoka Mufindi na Njombe, na nyingine hupasuliwa huko huko porini kwa zile mashine ndogo wanazoziita dingdong. Upande mmoja unaweza kuwa mnene, mwingine mwembamba. Urefu wa futi 12 ni wa mdomoni, wewe pima kila mbao kwa futi kamba yako. Angalia miisho, maana mara nyingi imepasuka nyufa, na ufa wa inchi 2 ni inchi 2 ambazo huna. Inyanyue uitazame kwa urefu kama mtu anayelenga bunduki, uone kama imepinda. Mbao iliyopinda inafaa kwa vipande vifupi, usiipe kazi ya ubavu. Na kama ni mbichi, ujue itasinyaa upande wa upana. Urefu haubadiliki sana.

Tatu, msumeno nao unakula. Hili wengi hawalijui. Kila unapokata, meno ya msumeno yanageuza sehemu ya mbao kuwa unga. Chukulia nusu robo ya inchi kwa kila mkato, yaani kama milimita 3. Ndiyo maana mbao ya futi 12 haitoi mbavu mbili za futi 6 kamili. Moja itakuwa futi 6, nyingine itapungua, na shelfu litainama upande mmoja. Kata zote mbili inchi 71, hakuna mteja atakayekuja na rula.

Nne, chora mbao zako kwenye karatasi kisha uzijaze, ukianza na vipande virefu. Kirefu kikishapata mahali pake, kifupi kitajibana popote. Ni kama kupakia basi la mkoani: magunia na masanduku kwanza, vikapu vitaingia kwenye nafasi zilizobaki. Ukianza na vikapu, sanduku litabaki stendi.

Tano, mabaki yakiwa makubwa kwenye karatasi, badilisha shelfu. Mbao haitabadilika kwa ajili yako. Hapa nawapa namba za kukata na kuweka kwenye pochi. Mbao moja ya futi 12 inatoa vipande viwili vya inchi 71, au vitatu vya 47, au vinne vya 35, au vitano vya 28, au sita vya 23, na msumeno unapata haki yake. Utamu wake ni kwamba kuna namba zinazoelewana hata ukizichanganya: 71 na 47 na 23 ni 141. 71 na 35 mbili ni 141 vilevile. Ukichagua urefu wa shelfu lako kutoka kwenye namba hizi, nusu ya kazi imekwisha kabla hujatoka nyumbani.

Sita, usichore mistari yote ya kukata kwa mpigo. Pima kimoja, kata, pima kingine. Ukichora yote mara moja, kila mkato unamega kidogo kwa jirani, na kipande cha mwisho ndicho kinacholipa deni la wenzake. Mstari ukataje? Msumeno upite upande wa mabaki, mstari wenyewe ubaki kwenye kipande chako. Kisha kipande cha kwanza kikikaa sawasawa, kiandike alama ya msalaba na ukifanye ndicho kipimo cha vyote vinavyofuata. Usipime cha tatu kwa cha pili na cha nne kwa cha tatu, kosa dogo litazaa na kujukuu. Na kila mkato upimwe kona yake kwa kile chombo ambacho mafundi wanakiita gunia. Si gunia la mkaa, lile la kona.

Saba, mabaki yasiyoepukika yaache yawe kipande kimoja kirefu. Kipande cha futi 5 ni mali, kesho kinakuwa rafu ya jikoni. Vipande vitano vya futi moja moja ni kuni, na mnajua zinapelekwa wapi.

Sasa kuna mwerevu ameshaanza kushangilia inchi 47. Taratibu. Binti anauza losheni na vibanio, mzigo wake si mzito. Kama wewe unaweka vitabu au madebe ya rangi, mbao ya inchi moja kwa urefu wa inchi 47 itabonyea katikati kama chaga iliyochoka. Kanuni yake ni hii: mzigo ukiwa ule ule, ukiongeza urefu wa rafu mara mbili, kubonyea kunaongezeka mara nane. Si mara mbili, mara nane. Kwa vitabu nenda na zile za inchi 35. Kubana matumizi ni kuzuri, lakini shelfu lililobonyea utalijenga mara ya pili, na hapo umelipa mbao zote upya.

Unene nao usiusahau. Mbao ya inchi moja ikipita kwenye randa haibaki inchi moja. Kama shelfu lako linabanwa kati ya kuta mbili, piga randa kwanza, pima unene halisi, ndipo ukate rafu. Na wale wa plaiwudi na MDF, karatasi yake ni futi 4 kwa 8. Ukitaka mistari minne ya inchi 12 kutoka kwenye upana wa inchi 48, msumeno utakudhulumu mstari wa nne. Kata inchi 11 na robo tatu, yote minne itatoka salama.

Msije mkadhani haya ni mambo ya uswahilini tu. Mwaka 1938, huko Leningrad katika Urusi ya Kisovieti, watu wa viwanda vya plaiwudi walimfuata mwanahisabati mmoja aitwaye Leonid Kantorovich, wakamwomba awasaidie kugawa kazi kwenye mashine zao ili wapate mazao mengi zaidi. Jamaa akazama humo. Mwaka 1939 akachapisha kijitabu cha hesabu za kupanga uzalishaji, na humo ndani mojawapo ya maswali ni namna ya kukata malighafi ili mabaki yawe machache. Mwaka 1975 akapewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, akigawana na Tjalling Koopmans. Kwa hiyo ukikaa na penseli yako unapanga rafu, usione haya, watu wamechukua Nobel kwa hesabu za ukoo huo. Siku hizi kuna hata programu za simu zinazokupangia mikato. Zitumie, ila ujue programu nayo inakula unachoilisha. Ukiiambia mbao ni inchi 144 na mwisho wake umepasuka, au ukasahau kuipa upana wa msumeno, itakupangia uongo mzuri sana.

La mwisho ni la makubaliano. Kwenye karakana nyingi mabaki ni ya fundi, tena bila kuulizana. Si wizi, ni mazoea. Lakini kama mbao umenunua wewe, semeni mapema kabla ya msumeno kuanza: vipande vinavyozidi urefu fulani ni vyako, vilivyo chini ya hapo ni vyake. Na kama fundi amekaa nusu saa anapanga karatasi na wewe, hiyo nusu saa ni kazi, ilipe. Binti wetu alimwongezea mzee kidogo juu ya bei waliyopatana, na bado alibaki na faida. Mzee naye alimaliza siku moja mapema, kwa kuwa mikato ilikuwa michache na hakuna kipande kilichokatwa mara mbili.

Na tukumbuke mti. Msonobari unahitaji kama miaka 20 hivi kabla haujavunwa, na mninga ni miongo mingi zaidi ya hapo. Kipande unachokitupa kimekua muda mrefu kuliko baadhi yenu mnaosoma hapa.

Duka lilifunguliwa siku ya Jumamosi. Hela ya mbao mbili, ikitolewa nyongeza ya fundi, ilirudi kwenye mzigo, na rafu ya chini kabisa, ambayo ingekuwa tupu, ilijaa mafuta ya nywele. Ufagio ulikaa kwenye pengo lake kama uliozaliwa humo.

Mama mwenye nyumba alikuja kukagua. Akazunguka, akagusa rafu, akasukuma shelfu kwa kiganja kuona kama linayumba. Halikuyumba. Akachungulia nyuma ya mlango, kisha nje, kisha akanigeukia uso umekunjamana.

"Sasa wewe, mbona safari hii hakuna kuni?"

Nikamwambia mama, leo maharage tutapikia mkaa.

Tukijaliwa, wiki ijayo tutakuwa hapa hapa. Kaeni salama, na penseli ikae nyuma ya sikio.